Shule ya mataifa mawili au shule ya kimataifa: namna ya kuzitofautisha kabla ya kumwandikisha mtoto

Kibao cha getini hakikusaidii. Katika nchi nyingi shule yoyote ya binafsi inaweza kujiita ya kimataifa au ya lugha mbili, na hakuna wa kuikataza. Tofauti ya kweli imo kwenye makaratasi, kwenye ratiba na kwenye madawati, na mzazi anaweza kuibaini mwenyewe kwa asubuhi moja akijua pa kutazama.

Kiini chake ni hiki. Shule ya mataifa mawili inawajibika kwa dola mbili, yaani serikali mbili, zilizokubaliana kwa maandishi kwamba mtoto atakayemaliza hapo atahesabiwa kuwa amesoma kwao. Shule ya kimataifa haikufungwa na mtaala wa dola yoyote. Inafuata programu ya taasisi fulani, kwa mfano IB (International Baccalaureate) yenye asili yake Geneva mwaka 1968 au mitihani ya Cambridge, na inategemea programu hiyo ikubalike sehemu nyingi. Lugha, ada, umri wa kuingia, aina ya walimu, hata mtoto atakayekaa dawati moja na wako: yote yanatokana na hapo.

Mifano mingi ya mwongozo huu ni ya Ujerumani na Ufaransa, kwa sababu huko shule za mataifa mawili zimekomaa na sheria zake ziko wazi.

Anza na cheti cha mwisho

Ukifika ofisini, ada na basi viache kwanza. Omba nakala ya cheti cha mhitimu wa mwaka uliopita, jina likiwa limefichwa, usome mistari ya juu kabisa na ya chini kabisa. Juu utaona mamlaka inayokitoa. Chini utaona sahihi, mhuri na, kama shule ni ya mataifa mawili kweli, rejea ya makubaliano yanayokipa cheti nguvu pande zote mbili. Ikikosekana rejea hiyo, uliza makubaliano hayo yanaitwaje na yalitiwa sahihi mwaka gani. Shule iliyo nayo hujibu papo hapo.

Cheti cha namna hii huja kwa sura tatu.

Ya kwanza ni cheti kimoja chenye nguvu mbili. Hivyo ndivyo zilivyo shule za sekondari za Kijerumani-Kifaransa: Saarbrücken tangu 1961, Freiburg tangu 1972, Buc karibu na Versailles tangu 1975, na Hamburg tangu 2020. Nyuma yake kuna mkataba wa serikali mbili wa mwaka 1972, ulioandikwa upya Schwerin mwaka 2002. Mtihani wa mwisho ni mmoja. Aliyeufaulu, Ujerumani anahesabiwa ana Abitur na Ufaransa anahesabiwa ana Baccalauréat, vyeti vya kumaliza sekondari vinavyofungua chuo kikuu, bila kupanga foleni ya kuomba ulinganifu popote.

Ya pili ni vyeti viwili kwa mpigo. Kuna programu ya Abibac, iliyowekwa na makubaliano ya mwaka 1994, inayoendeshwa ndani ya sekondari za kawaida za Ujerumani na Ufaransa. Mwanafunzi anabaki shule ya nchi yake, lakini fasihi ya nchi ya pili, historia na jiografia anazisoma na kuzifanyia mtihani kwa lugha ya nchi hiyo. Ufaransa ina mipango ya namna hii na Italia, uitwao Esabac, na pia na Hispania, uitwao Bachibac. Wazazi wengi huipita njia hii kwa sababu inakaa ndani ya shule ya mtaani isiyo na jina kubwa. Ni kosa, kwani mara nyingi ndiyo njia rahisi kuliko zote kifedha.

Ya tatu ni shule moja yenye milango miwili ya kutokea. Mfano ni John F. Kennedy School ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1960 kama shule ya pamoja ya Wajerumani na Wamarekani. Mwanafunzi anaweza kutoka na cheti cha sekondari ya Kimarekani, na akitimiza masharti anatoka na Abitur pia.

Sura ya nne ipo, nayo ni mtego: cheti kimoja cha nchi moja, pamoja na karatasi nzuri ya "lugha mbili" iliyosainiwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Karatasi hiyo haimwingizi mtu chuo kikuu.

Kwa shule ya kimataifa swali hubadilika. Hapo uliza cheti kinakubalika wapi na kwa masharti gani. Diploma ya IB ina masomo sita, matatu ya ngazi ya juu na matatu ya ngazi ya kawaida, pamoja na insha ndefu isiyozidi maneno 4,000, somo la nadharia ya maarifa, na shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii. Alama za juu kabisa ni 45, na za kupata diploma zinaanzia 24. Mambo huharibika mtoto akiwa na miaka 16 hivi, anapochagua masomo bila mtu kumuuliza atasoma chuo nchi gani. Ujerumani, kwa mfano, inataka walau somo moja kati ya yale matatu ya ngazi ya juu liwe hisabati au sayansi, na si kila kozi ya hisabati ya IB inapokelewa sawa. Kijana aliyechukua historia, uchumi na fasihi kwa ngazi ya juu anaweza kuwa na alama za kujivunia na bado akakosa ruhusa kamili ya kuingia chuo kikuu huko. Kwa hiyo masharti ya nchi mnayoifikiria yasomwe kabla ya fomu ya kuchagua masomo kurudishwa shuleni. Anayefikiria kurudi kusoma Tanzania akumbuke kwamba matokeo ya mitihani ya nje hupelekwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kulinganishwa, na wanaolinganisha huangalia masomo na madaraja yake. Sifa za shule hazimo kwenye hesabu hiyo.

Hesabu vipindi kwa kalamu mbili

Omba ratiba ya wiki ya darasa la tatu na ya darasa la tisa. Chukua kalamu za rangi mbili, upake kila kipindi rangi ya lugha kinachofundishiwa. Usipake kwa kufuata jina la somo.

Tuseme ratiba ina vipindi 32. Ukikuta 27 ni vya Kiingereza na 5 vya Kifaransa, na hivyo 5 vyote ni somo la Kifaransa lenyewe, hiyo ni shule ya lugha moja inayofundisha lugha ya kigeni, pengine vizuri sana. Katika shule ya lugha mbili mtoto anajifunza mambo mengine akiwa ndani ya lugha ya pili: mzunguko wa damu, mito ya Ulaya, sababu za vita. Kipimo tunachokitumia ni kwamba lugha yenye vipindi vichache isishuke chini ya theluthi, yaani 11 kati ya 32, na ndani yake liwemo walau somo moja zito lenye mtihani wa mwisho. Michezo, muziki na uchoraji havitoshi. Humo mtoto anaweza kuwaiga wenzake kipindi kizima bila kuelewa sentensi hata moja, na mwalimu asigundue.

Shule za serikali za Berlin ziitwazo Shule za Ulaya, zilizoanza mwaka 1992, zinaonyesha jambo hili linavyopangwa kwa makusudi. Kijerumani kinaoanishwa na moja ya lugha tisa: Kiingereza, Kifaransa, Kigiriki, Kihispania, Kiitaliano, Kipolandi, Kireno, Kirusi au Kituruki. Masomo yanagawanywa karibu nusu kwa nusu. Kwa kawaida hisabati hubaki kwenye Kijerumani, huku maarifa ya mazingira, na baadaye historia, jiografia na baiolojia, vikienda kwenye lugha ya pili.

Ratiba ya darasa la tisa ndiyo yenye ukweli. Shule nyingi zinaanza nusu kwa nusu chekechea, kisha mitihani inapokaribia lugha ya pili inabanwa mpaka inabaki somo moja, kwa sababu mwalimu wa fizikia anayeweza kufundisha kwa lugha hiyo hapatikani au mshahara wake haupo. Uliza waziwazi: "Mwalimu, fizikia ya darasa la tisa inafundishwa kwa lugha gani, na nani anaifundisha mwaka huu?" Jibu linaloanza na "tunategemea" au "tuko mbioni kuajiri" lihesabu kuwa ni hapana kwa mwaka huu.

Haraka ya wazazi nayo huharibu mambo. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo ya kila siku mtoto huipata ndani ya miaka kama miwili, ilhali lugha ya kusomea, ya kueleza hoja na kuelewa kitabu cha kiada, huchukua mitano hadi saba. Mtoto anayecheza kwa Kijerumani fasaha akapata alama duni za jiografia hana tatizo la akili wala uvivu. Yuko mwaka wa tatu wa safari ya miaka saba. Wanaomhamisha hapo humrudisha mwanzo kwa lugha nyingine.

Nani amekaa darasani, nani amesimama mbele

Shule ya mataifa mawili inahitaji watoto wa pande zote mbili, kwa sababu wao wenyewe ni sehemu ya ufundishaji. Katika shule za Kijerumani-Kifaransa watoto wanaanza katika vitengo viwili, kila kimoja kwa lugha yake, huku lugha ya wenzao ikifundishwa kwa nguvu. Baadhi ya masomo huanza kuchanganywa, na wanapofika madarasa ya juu wamekaa pamoja katika masomo yote. Mtoto wa Kifaransa anamsaidia jirani yake kwenye insha ya Kifaransa, na saa mbili baadaye anasaidiwa yeye kwenye Kijerumani. Hakuna anayekuwa mgeni siku nzima.

Kwa hiyo uliza idadi kwa kila darasa, maana idadi ya shule nzima huficha mengi. Darasa la watoto 24 likiwa na 12 kwa 12 limekaa sawa, na 16 kwa 8 bado linakwenda. Likiwa na 21 kwa 3, wale 3 watahamia lugha ya wengi kabla ya mwaka kuisha, hata mwalimu afanyeje. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa shule hizi: kwenye karatasi ni nusu kwa nusu, uwanjani ni lugha moja.

Shule ya kimataifa haina haja ya mizani hiyo. Watoto wanatoka nchi nyingi, wanakaa miaka miwili au mitatu mkataba wa mzazi unapokwisha, na Kiingereza kinawaunganisha. Ubora wake ni wepesi wa kupokea: mtoto anaweza kuingia mwezi wa pili, akawekewa vipindi vya kusaidiwa Kiingereza, na programu anayoiacha Nairobi ataikuta Muscat. Familia inayohamahama isione aibu kuichagua. Shule ya mataifa mawili ni ya wanaokusudia kukaa, au wanaojua kwamba watahama kati ya nchi hizo mbili tu.

Kuhusu walimu, swali ni moja: anayefundisha kwa lugha hii alisomea ualimu wapi? Katika shule iliyosimama vizuri mwalimu mmoja hushika lugha moja na haivuki, na amefunzwa ndani ya mfumo wa elimu wa nchi ya lugha hiyo. Mwalimu mmoja akifundisha kwa kuchanganya zote mbili, watoto husubiri sentensi itakayorudiwa kwa lugha wanayoipenda na kuiacha ile nyingine ipite.

Kisha omba muhtasari wa somo la historia. Katika shule ya mataifa mawili hakuna upande unaoweza kusimulia peke yake, kwa kuwa watoto wa upande wa pili wapo na wazazi wao watasoma madaftari. Wajerumani na Wafaransa walifika mbali hadi kutoa kitabu cha kiada cha historia cha pamoja, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2006, chenye yaleyale kwa lugha zote mbili. Mzazi wa Kitanzania anayempeleka mwanawe shule ya Kijerumani ana haki ya kuuliza Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vinafundishwa darasa la ngapi na kwa vipindi vingapi. Uliza kwa adabu, lakini uliza, na usikilize vizuri. Jibu litakuonyesha mtoto wako atasimama wapi katika simulizi ya shule hiyo.

Shule zinazochanganywa na hizi

Shule ya Kijerumani ya Nairobi, yenye jina la Michael Grzimek, na shule ya Kifaransa ya Dar es Salaam, yenye jina la Arthur Rimbaud, ni shule za taifa moja zilizo ugenini. Mtaala unatoka Ujerumani au Ufaransa, na Kiingereza kimo kwa sababu ya mazingira. Zinafaa sana kwa anayelenga vyuo vya nchi hizo. Kuziita za mataifa mawili si sahihi, isipokuwa serikali ya pili nayo imekubali cheti kwa maandishi.

Umiliki nao hudanganya. International School of Kenya, iliyoanza mwaka 1976, ni ya pamoja kati ya serikali za Marekani na Kanada. Dola mbili zipo, lakini mafundisho ni ya Kiingereza na kilele chake ni diploma ya IB au cheti cha Amerika Kaskazini. Serikali mbili kumiliki shule ni jambo moja, watoto kusoma kwa lugha mbili ni jambo jingine kabisa.

Mtoto wa nyumba ya Kiswahili

Hapa familia zetu hukwama, na shule chache hulieleza mapema. Nafasi katika shule ya mataifa mawili hugawiwa kwa lugha: nafasi kadhaa za upande huu, kadhaa za upande ule. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani hayumo upande wowote. Atapimwa kwa moja ya lugha hizo mbili kana kwamba ndiyo lugha yake ya kwanza, na upande huo huchaguliwa na mzazi kwenye fomu. Chagua ile ambayo mtoto anaweza kusimulia kisa kizima bila kusitasita, hata kama ile nyingine ndiyo yenye hadhi machoni pako. Akipimwa kwa lugha dhaifu, anashindwa na nafasi imekwenda.

Umri nao una mlango unaofungwa. Katika shule za Berlin zinazoanzia madarasa ya chini, mahali salama pa kuingilia ni mwanzoni kabisa, mtoto akiwa na miaka mitano au sita. Anayetaka kuingia katikati hutakiwa kuwa na lugha zote mbili kwa kiwango cha darasa hilo. Aliyefika Berlin kutoka Tanga akiwa na miaka 12, ana Kiswahili na Kiingereza cha shuleni, hafai kusukumwa kwenye shule ya Kijerumani na Kifaransa. Huyo apate Kijerumani kwanza.

Kiswahili chenyewe kibaki nyumbani kwa mpango. Dakika 20 za kusoma kwa sauti kila siku, mtoto akimsomea babu au bibi kwa simu ikibidi, huzaa zaidi ya kukaripiwa kila anapojibu kwa Kijerumani. Kwa upande huu shule ya kimataifa ina nafasi ambayo wengi hawaijui: IB inaruhusu Kiswahili kusomwa kama lugha ya fasihi ya mwanafunzi mwenyewe. Shule isiyo na mwalimu wa Kiswahili inaweza kumruhusu kujisomea chini ya usimamizi wake, kwa ngazi ya kawaida. Akifaulu fasihi ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza kwa daraja la 3 au zaidi kwa kila moja, diploma yake inatoka ikiwa ya lugha mbili. Ombi lipelekwe mwaka mmoja kabla ya programu kuanza, kwa sababu orodha ya vitabu lazima ipangwe na mtu wa kumwongoza apatikane.

Ada na kalenda

Shule za Berlin, Saarbrücken, Freiburg na Buc zilizotajwa ni za serikali, na masomo hayalipiwi. Shule za kimataifa hulipiwa, mara nyingi kwa dola, na ada iliyo kwenye tovuti haijajumlisha vitu vyote. Uliza kwa maandishi kuhusu amana, mchango wa majengo, ada ya mitihani ya mwisho, basi, na malipo ya ziada ya msaada wa Kiingereza. Uliza pia kinachotokea mwajiri akiacha kulipa katikati ya mwaka.

Kalenda hugongana. Tanzania na Kenya mwaka wa shule unaanza Januari, Ulaya unaanza Agosti au Septemba, hivyo anayehama atarudia au kuruka nusu mwaka. Rudia, usiruke, hasa kwa mtoto anayebadili lugha. Alama nazo zisikushtue: Ujerumani 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbaya, Ufaransa wanahesabu hadi 20 na 10 ni ya kupita, IB kwa kila somo 7 ndiyo ya juu. Unapowasilisha ripoti nchi nyingine, ambatisha maelezo ya mizani hiyo kutoka shuleni.

Nyaraka za kubeba

Andaa cheti cha kuzaliwa, ripoti za miaka miwili iliyopita, kadi ya chanjo, na barua ya shule anayotoka inayotaja lugha ya kufundishia ya kila somo. Barua hiyo ya mwisho ndiyo wengi hukosa, nayo ndiyo inayoamua mtoto atapimwa vipi. Iombe kabla hujaondoka, kwa sababu kuipata kwa simu ukiwa Hamburg huchukua wiki nyingi. Ripoti za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa katika nchi unayokwenda, maana tafsiri iliyogongwa mhuri nyumbani mara nyingi hurudishwa. Peleka nakala zilizothibitishwa, na vyeti halisi usimwachie mtu kaunta.